Kabla hujavaa jezi ya nchi nyengine

Kijana mmoja wa Wete ameniandikia wiki hii: akienda kucheza Oman na akapewa uraia, ataitwa lini timu ya taifa ya huko? FIFA inataka miaka mitano ya ukaazi. Lakini kupewa uraia ni kazi ya serikali, na Oman huwataka wageni wakae miaka mingi zaidi ya hiyo. Saa zote mbili zinakwenda pamoja, na wengi huhesabu moja tu.

Pasipoti mpya peke yake haitoshi. Lazima pia uwe umezaliwa nchi hiyo, au mzazi wako, au babu au bibi yako awe kazaliwa huko. Ukikosa vyote, ndipo unapoingia kwenye hesabu ya ukaazi: mitano, au mitatu kwa aliyehamia kabla ya kutimiza miaka 10. Klabu ikikutoa kwa mkopo nchi nyengine, hesabu inasimama mpaka urudi. Ikikuuza moja kwa moja, inafutika. Wakala anayekula kwenye uhamisho hana haraka ya kukwambia hayo.

Unguja na Pemba njia ya babu si ndoto, maana koo nyingi zina mguu mmoja Oman. Ila babu wa mdomoni hafai, FIFA inataka karatasi. Septemba 2025 iliwafungia wachezaji saba wa Malaysia miezi 12 kwa nyaraka za kughushi kuhusu walikozaliwa babu na bibi zao.

Na karatasi zako mwenyewe je? Cheti cha kuzaliwa kinasema Khamis Juma Khamis, skuli umeandikwa Hamis Juma, leseni ya ligi ina jina la tatu la mjomba aliyekulea. Hapo tayari ni watu watatu. Anza Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii, sahihisha cheti, kisha ndiyo uombe pasipoti, usianze kinyume chake. Na aliyekupunguzia umri ili ucheze timu ya vijana amekuachia tarehe mbili za kuzaliwa, na ya uongo itakufuata kila utakapohama. Inaniuma sana kuona mtu mzima anamfanyia mtoto jambo hili na kuliita msaada. Chini ya miaka 18 ndiyo kabisa: uhamisho wa kimataifa umekatazwa isipokuwa kwa sababu chache, kama wazazi kuhamia huko kwa shughuli zisizohusu mpira.

Sasa Taifa Stars. Zanzibar si mwanachama wa FIFA, na uanachama kamili wa CAF, shirikisho la mpira la Afrika, tulioupata Machi 2017 ulifutwa Julai mwaka huohuo. Kwa hivyo mchezaji wetu huitwa Tanzania. Mechi ya kirafiki haikufungi kwenye timu ya nchi moja: Diego Costa aliichezea Brazil za kirafiki mwaka 2013, na 2014 akaenda Kombe la Dunia na Hispania. Mechi ya kufuzu AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, ni jambo jengine. Watu husema tangu 2020 unaruhusiwa kubadili timu ya taifa ukiwa hujazidisha mechi tatu. Kweli, lakini uwe hukutimiza 21 ulipocheza ya mwisho, ipite miaka mitatu, usiwe umecheza fainali za AFCON wala Kombe la Dunia, na siku ya mechi yako rasmi ya kwanza kwa nchi ya mwanzo uwe tayari na uraia wa nchi ya pili. Munir El Haddadi aliichezea Hispania dakika chache mwaka 2014, na hakuivaa jezi ya Morocco mpaka 2021, na yeye alikuwa na uraia wote wawili. Tanzania hairuhusu uraia pacha kwa mtu mzima, basi kijana wa Wete mwenye pasipoti moja, dakika moja ya mechi ya kufuzu inamfungia mlango.

Ukichukua uraia wa kigeni kwa hiari yako, wa Tanzania unaupoteza. Mpira ukiisha ukiwa na miaka 34, utashuka uwanja wa ndege wa Unguja ukiwa mgeni, kwenye foleni ya viza. Kaa na mwanasheria wa uhamiaji na wazee wako kabla ya kusaini fomu ya uraia, na wakala asiwepo chumbani.