Kituo cha graviti? Basi linapita saa ngapi hapo?

Msomaji anaunda ndege ndogo za modeli za rimoti. Anauliza: ile sehemu ambayo ukiweka vidole viwili chini ya mabawa ndege inatulia bila kulala mbele wala nyuma, aiite "kituo cha graviti" kama alivyosikia kwenye video, au kuna neno jingine?

Lipo ndugu yangu, ni kitovu. Kitovu cha uzito, na ukitaka ya kitabuni zaidi sema kitovu cha graviti, zote napokea. Hicho kituo ndo sikitaki, tena nimekichoka siku nyingi. Kituo kimetoka kwenye kutua, ni pale unapotua mzigo, hata mstari wa mwisho wa ubeti tunauita kituo kwa vile sauti inatua pale, sasa siku hizi mtu akikutana na neno lolote la Kizungu lenye maana ya katikati anabandika kituo tu, utasikia fulani amekuwa "kituo cha mazungumzo", jamani, abiria wangapi wameshukia kwake? Na kwenye ndege ndo balaa zaidi maana ndege yenyewe inatua, ukimwambia kijana "tafuta kituo cha ndege" ataangalia uwanja, bawa hataligusa.

Halafu kuna wanaodhani kitovu lazima kiwe nusu kwa nusu, wanachukua rula. Hapana bwana. Mchukuzi wa mzega, ule mti wa begani wenye ndoo mbele na nyuma, ndoo ya mbele ikiwa nzito anasogeza bega mbele, hapimi mti. Ndege ya kawaida kitovu chake kinakaa kama robo hadi theluthi ya upana wa bawa kutoka ukingo wa mbele, yaani bawa la sm 20 ni sm 5 mpaka 6 na kitu hivi, na betri iwe ndani wakati unapima. Kikirudi nyuma sana mkia unakuwa mzito, pua inainuka, ndege inaishiwa mwendo inaporomoka, na hapo ndo itakuwa imepata kituo. Sogeza betri mbele au ongeza kipande cha madini ya risasi puani.

"Kitovu cha mvutano" nako sikushauri, watu watadhani kuna ugomvi. Wale mafundi wanaosema "siji" tu, yaani CG, kifupi cha Kizungu cha "center of gravity", nimewaacha, wao angalau wanajua pa kuweka vidole.