Nimeambiwa Niandike Ofa ya Nyumba Ujiji: Je, Nitakuwa Nimejifunga?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mama mfanyabiashara wa dagaa, mkazi wa Mwanga, Kigoma. Nimeipenda nyumba moja ya Ujiji ambayo mwenyewe amefariki, na sasa inauzwa na mtoto wake wa kwanza kwa shilingi milioni 45. Nilimwambia ninazo milioni 38. Akanijibu kwa ujumbe wa simu kwamba amekubali, ila iwe milioni 41 na nimpe kishika uchumba kabla ya Ijumaa. Dalali ananihimiza niandike ofa ili nyumba isichukuliwe na mwingine. Je, nikiandika nitakuwa nimejifunga?
Msomaji, Kigoma

JIBU: Dada yangu, tuanze na neno lenyewe, kwa sababu limewaponza wengi. Mtu akisema kiwanja "kina ofa" huwa anazungumzia barua ya toleo, ambayo mamlaka ya ardhi ilikuwa ikimpa aliyemilikishwa kiwanja kabla hati haijatoka. Ofa unayohimizwa uiandike ni jambo jingine kabisa: ni pendekezo lako wewe mnunuzi, la bei na masharti. Kuwa na ya pili hakukuhakikishii kwamba ya kwanza ipo.

Kuandika peke yake hakukufungi. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inamruhusu aliyetoa pendekezo kuliondoa wakati wowote kabla ya kukubaliwa kwake kukamilika, na inataka kukubali huko kuwe kwa ukamilifu, bila nyongeza. Kwa hiyo muuzaji aliposema amekubali, ila iwe milioni 41, kwa macho ya sheria hakukubali. Ameikataa milioni 38 yako na kuleta pendekezo lake. Mpaka hapo hamna mkataba. Usimjibu "sawa" kwa haraka, maana neno hilo linaweza kuwa ndiko kukubali kwenyewe, kabla hujaweka sharti hata moja. Aidha, kifungu cha 64 cha Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 kinataka mkataba wa kuhamisha miliki uwe wa maandishi, au uthibitishwe kwa maandishi yenye saini ya yule anayetakiwa kuutekeleza. Ndiyo maana masharti yako yote yanapaswa kuwamo ndani ya barua kabla hajaisaini.

Lakini linalonitia wasiwasi kuliko bei ni huyo anayeuza. Kuwa mtoto wa kwanza hakumfanyi mtu kuwa mmiliki wa nyumba ya marehemu, wala kikao cha ukoo hakimpi mamlaka ya kuuza, kwani kikao hupendekeza tu, na msimamizi wa mirathi huteuliwa na mahakama. Mwombe uione barua ya usimamizi, uonane na warithi wengine, na kama mjane yupo, uzungumze naye mwenyewe, kwa kuwa huenda sehemu ya nyumba hiyo ni jasho lake. Usione haya kuuliza. Wewe ndiye utakayeshtakiwa pamoja na muuzaji, ndugu wengine watakapojitokeza baadaye.

Katika barua yako, itaje nyumba kwa namba ya kiwanja na kitalu, au kwa mipaka na majirani zake kama haijapimwa, na bei uiandike kwa tarakimu na kwa maneno. Eleza kwamba ununuzi utategemea upekuzi rasmi, yaani ukaguzi wa kumbukumbu za umiliki, katika ofisi ya ardhi, iwapo nyumba imesajiliwa, pamoja na uthibitisho wa usimamizi na maandishi ya ridhaa ya warithi. Taja pia nani atalipa malimbikizo ya kodi ya ardhi, kodi ya ongezeko la mtaji na ushuru wa stempu. Wengi hugombana hapo wakati bei walikwisha kuelewana. Kishika uchumba kilipwe benki kwa msimamizi, si mkononi mwa dalali, na barua iseme wazi kwamba kitarudishwa chote endapo sharti mojawapo halitatimia.

Ijumaa ameiweka yeye, na haikulazimishi. Weka tarehe yako, kwa mfano siku 14, ambayo ikipita bila yeye kusaini pendekezo litakuwa limekufa. Kabla hujaiona barua ya mahakama, usimtumie hata shilingi moja.