Kumpigia muziki mzazi mwenye demensia: niliyojifunza nikimuuguza mama

Hii ni kwa nyie mlioanza juzijuzi kuuguza mzazi mwenye demensia nyumbani, hasa nyie mnaoshinda nae peke yenu kutwa nzima na ndugu wengine wanapiga simu tu kuuliza anaendeleaje. Mimi na mama huu mwaka wa tano. Kwanza kabisa huu ni ugonjwa wa ubongo, sio uchawi wala sio uzee wa kawaida, na muziki hauuponyi, kwahiyo asije mtu akakuuzia nyimbo za kurudisha kumbukumbu ukatoa hela.

Mwaka 2023 yalitoka majibu ya utafiti mkubwa uliofanyika Australia, Uingereza, Ujerumani, Norway na Poland, jozi 432 za mgonjwa na mtu anayemuuguza nyumbani, wengine wakafundishwa kutumia muziki, wengine kusomeana, wengine wakaendelea na huduma yao ya kawaida. Baada ya siku 90 zile tabia za kuhangaika hazikupungua zaidi kwa wenye muziki. Niliposoma niliumia kiukweli, maana mimi kazi yake naiona kwa macho. Alafu nikajiuliza, mimi lini nimepima kwa siku 90? Mimi napima saa kwa saa. Hii saa ya kuoga imepita bila kupigana? Imepita. Basi.

Na kuoga ndo kulikuwa vita. Mama alikuwa anashika fremu ya mlango wa bafu kwa mikono miwili, analia kama namuua. Nikawa nawasha muziki humohumo bafuni, maji yanamwagika, ndoo inagonga, spika inapiga mwangwi kwenye vigae, yaani makelele matupu kwa mtu ambaye kichwa chake hakiwezi tena kuchambua sauti tatu kwa pamoja. Sa hivi naanza chumbani, bado amekaa kitandani, nimemshika viganja naimba mwenyewe taratibu, nasubiri mpaka mguu wake uanze kugusagusa sakafu, ndo tunanyanyuka tunatembea kwa mapigo yaleyale mpaka bafuni, na kopo la kwanza la maji ya vuguvugu naanzia miguuni, sio kichwani. Wimbo ukikatika katikati na yeye anasimama. Kwahiyo usikate, ukisahau maneno we guna tu, sauti yako hata kama mbaya anaifuata kuliko ya spika.

Sasa nyimbo gani. Mama kazaliwa 1950, Tanga. Mwanzo nilimwekea taarab za sasa nikijua taarab ni taarab, akawa ananiangalia tu kama mgeni. Waliochunguza kumbukumbu wanasema nyimbo zinazong'ang'ania zaidi ni zile za umri wa kama miaka 10 mpaka 30, kwahiyo piga hesabu, kwa mama ni miaka ya 60 na 70, na Tanga ya wakati ule kulikuwa na Black Star na Lucky Star kwenye taarab, Atomic Jazz na Jamhuri Jazz kwenye dansi. Nikampigia mama mdogo, akacheka sana, akaniambia mama yako alikuwa hakosi dansi huyo, anamuaga babu yenu kwamba anaenda kusukwa! Miaka yote hiyo sikuwahi kulijua hili. Jioni nikaweka Atomic, magitaa yalipoingia tu mama akatoa mkono nje ya khanga, vidole vikaanza kucheza juu ya paja, akanigeukia akaniuliza, "Gari la kurudia mmepata?" Nikamwambia tumepata. Msibishane nao, usimwambie hakuna gari, babu alishafariki, hapo utakuwa umemnyang'anya usiku wake.

Muda una maana kuliko watu wanavyodhani. Kuna muuguzi na mtafiti wa Marekani, Linda Gerdner, aliyeandika mwongozo wa kutumia nyimbo anazozipenda mgonjwa mwenyewe, na jambo lake kubwa ni kuweka muziki kama dakika 30 kabla ya ile saa anayochafukwa, sio akishachafukwa. Chukua daftari wiki nzima uandike saa. Mama ilikuwa ikikaribia magharibi anafunga mzigo wake anataka kwenda kwao, sasa saa kumi na moja na nusu tumeshakaa kibarazani na nyimbo zetu na mara nyingi, sio kila siku, mzigo haufungwi. Dakika 30 zinatosha, ukiacha redio inalia kutwa inageuka kelele na taarifa za ajali humohumo zinamtisha. Alafu usitegemee YouTube ya bure, tangazo likiingia katikati ya wimbo kwa sauti ya kupayuka umeharibu kila kitu, weka nyimbo kwenye flashi. Na masikio apimwe, kuna mzee anaonekana hapendi muziki kumbe nta imejaa.

Kuna nyimbo zinaumiza. Siku moja niliweka kaswida nikijua nafanya jema, mama akalia mpaka usiku, kumbe ilisomwa kwenye hitma ya dada yake. Machozi kidogo mimi siyaogopi, namshika tunalia wote, ila akianza kuhema haraka au kusukuma mkono wako, zima na usiiweke tena. Na akibadilika ghafla ndani ya siku moja mbili, anaweweseka, hajitambui kama jana yake, hapo achana na nyimbo, mpeleke hospitali, inaweza kuwa maambukizi ya mkojo au maumivu ambayo hawezi kuyasema.

Na wewe unayeuguza usikae pembeni na simu wakati yeye anasikiliza. Imba nae. Mimi ile nusu saa ndo mabega yangu yanashuka, na ndo muda pekee kwenye siku ambao hatuko mgonjwa na muuguzaji.

Kama mzazi wako bado anaongea vizuri, leo hii mkalie chini umuulize, kwenye harusi yake walipigiwa nini, nani alikuwa akimwimbia alipokuwa mdogo, wimbo upi hataki kuusikia tena. Andika. Mimi nilichelewa, nikabaki na mama mdogo tu, na yeye ana miaka 71.