Wamekuja bila maji?

SWALI: Shikamoo Mzee. Mwezi uliopita nyumba ya jirani iliungua. Gari la zimamoto lilipofika, moto ulikuwa umeshashika paa. Vijana wakazomea, "Mmekuja kuzoa majivu!" Jiwe likarushwa, kioo cha mbele kikapasuka. Maji yalipokwisha, vurugu zikazidi. Mwanangu wa kidato cha pili alikuwa miongoni mwa waliorusha mawe, na anasema walistahili. Nimwambieje?
Mama wa Watatu, Mbagala, Dar es Salaam

JIBU: Marahaba mwanangu. Nimeshika mpira wa zimamoto miaka 26, na nina kovu juu ya jicho la kushoto. Si la moto, ni la tofali.

Mpe kijana hesabu. Gari likibeba lita 5,000, na mipira miwili ikatema lita 450 kila mmoja kwa dakika, tanki halifikishi dakika sita. Hapo dereva lazima akajaze. Siku ile ya tofali, bomba la kujazia tulilolitegemea tulilikuta limejengewa banda la chipsi; kifuniko chake kinachungulia kando ya jiko. Na mwenye banda ndiye aliyekuwa akipiga kelele kuliko wote, "Hawana maji hao!"

Mkituona tumeshika mpira hatufungui, mara nyingi tunangoja umeme ukatwe. Maji yakigusa waya wenye umeme, anayekufa wa kwanza ni aliyeshika mpira.

Kuchelewa sikutetei. Nimefika mahali nikakuta mama amekalia ndoo, nyumba imekwisha, na matusi yake niliyapokea kimya. Lakini 114, namba ya zimamoto, hupigwa watu wakishachoka kumwaga mchanga, tena anayepiga anasema "njoo hapa kwa Mangi" halafu anakata. Kwa Mangi ni wapi? Kila mtaa una Mangi wake.

Huyo kijana sitaki umchape. Kumzuia zimamoto kazini ni kosa kisheria, hilo alijue, ila mpeleke kituo cha zimamoto avae koti, kofia na mtungi wa hewa, kisha apande ngazi. Mwenyekiti wa mtaa naye awaite askari wa zimamoto kwenye mkutano, watembee pamoja kutafuta mabomba yaliyofukiwa. Siku moto ukiwaka tena, kijana akasimame barabara kuu na tochi, aongoze gari mpaka uchochoroni.

Na muulize kwa upole kama jiwe lililovunja kioo ni lake. Kama ni lake, amtafute dereva amwombe radhi. Madereva wetu wana maneno makali, atayasikia yote, lakini chai watampa.