Istilahi za tiba: jifunzeni mpaka mweze kumwambia mgonjwa

Nawaandikia nyinyi mnaoanza mwaka wa kwanza wa famasia, Unguja na Pemba, hasa mliotoka skuli na alama nzuri za kemia na baiolojia, na sasa mmekabidhiwa karatasi ndefu za istilahi za tiba mzihifadhi kabla ya mtihani. Nimetoa dawa kwa miaka mingi na nimepokea wanafunzi wengi wa mafunzo kwa vitendo, na jambo moja nimeliona likijirudia: mwanafunzi anaijua maana ya neno akiwa darasani, lakini akisimama dirishani mbele ya mgonjwa, neno lile lile linamkwama kooni. Akili anayo, ila neno hilo amelijifunza nusu.

Mimi mwenyewe nililipia funzo hili katika mwezi wangu wa mwanzo kazini. Nilipokea cheti cha amoksilini, kapsuli moja t.d.s. kwa siku 5. Nilijua kwamba t.d.s. ni kifupi cha maneno ya Kilatini, ter die sumendum, yaani dawa ya kutumiwa mara tatu kwa siku, na nilijua kwamba dozi za dawa kama ile zinapaswa kupishana kwa muda ulio sawa. Basi nikamwambia kwa kujiamini yule mama aliyeleta cheti, "Bi mkubwa, utameza kila saa nane." Akanijibu, "Haya mwanangu, ahsante," akachukua bahasha yake akaenda zake. Siku ya sita alirudi na kikohozi chake vile vile, akanimiminia kapsuli kumi juu ya meza. Alikuwa amemeza moja kila siku, saa nane ya mchana, baada ya chakula, bila kukosa hata siku moja. Alitii maneno yangu kama nilivyoyasema, kwa sababu kwa Kiswahili chetu saa nane ni wakati unaojulikana wa mchana. Kosa lilikuwa langu: nilikitoa Kilatini nikaingiza hesabu, nisifike kwenye lugha ya mtu aliyekuwa akinisikiliza. Tangu hapo husema "moja asubuhi ukiamka, moja mchana, moja usiku unapotaka kulala," kisha humuomba mgonjwa anieleze yeye mwenyewe atakavyozitumia, na sitoi bahasha mpaka nimsikie.

Sasa tuje kwenye maneno marefu ya Kigiriki na Kilatini, ambayo najua ndiyo yanayowatisha. Wengi wenu mmepita chuoni kwa mwalimu wa Kurani, na mnajua jinsi kitabu, katibu na maktaba yanavyotoka katika shina moja la Kiarabu. Istilahi za tiba nazo zina mashina yanayoungwa na viambishi, kwa hiyo anayehifadhi neno zima zima anajitwisha mzigo wa bure. Chukueni "haematuria": haema ni damu, na uria huonesha jambo linalohusu mkojo. Mtoto wa Pemba mwenye kichocho anayesema anakojoa damu amekwisha kulitaja neno hilo lote kwa Kiswahili, na mkilishika kwa njia hiyo, "glycosuria" na "dysuria" yatafunguka kwa wepesi, la kwanza likiwa sukari katika mkojo na la pili maumivu au taabu wakati wa kukojoa.

Kiambishi cha kushika mapema kuliko vyote ni hypo, yaani chini ya kiasi, maana kikichanganywa na hyper, yaani juu ya kiasi, mgonjwa wa kisukari anaweza kupewa kinyume cha anachohitaji. Hapa sikio la Kiswahili linatusaidia: hypo hutamkwa karibu sawa na "haipo". Sukari haijamalizika kabisa mwilini, ni kweli, lakini imeshuka kupita kiasi, na mtu huyo anatetemeka, anatoka jasho na anahitaji kitu kitamu upesi, iwapo bado anaweza kumeza. Wanafunzi niliowaambia hivi sikuwaona wakivichanganya tena.

Majina ya dawa nayo yana mfumo wake. Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya kwanza ya majina ya kimataifa ya dawa mwaka 1953, na katika majina hayo vipande fulani, aghalabu vya mwishoni, huonesha jamaa ya dawa. Lakini kipande kikikatwa vibaya kinapotosha. Nimewasikia wanafunzi wakisema kwamba kila jina linaloishia na azole ni dawa ya fangasi. Fluconazole ni ya fangasi, naam. Metronidazole hutibu amiba na baadhi ya bakteria, omeprazole hupunguza asidi ya tumbo, na albendazole ni dawa ya minyoo. Vipande vyenyewe ni conazole, nidazole, prazole na bendazole, na anayekata karibu na mkia anapoteza herufi zinazotofautisha. Vile vile carbamazepine ya kifafa na carbimazole ya tezi ya shingo huanza kwa herufi nne zile zile, na mwandiko wa haraka huzisogeza karibu zaidi. Ukitia shaka, rudi kwa aliyeandika cheti. Wala usione haya.

Vifupisho vinataka uangalifu zaidi Ramadhani inapoingia. Dawa ya b.d., mara mbili kwa siku, mara nyingi hukaa vizuri kati ya futari na daku, ijapokuwa usiku ni mfupi kuliko mchana wa kufunga. Dawa ya t.d.s. haikai hivyo, na mgonjwa asiyeelezwa huweza kumeza dozi mbili kwa pamoja kwenye futari. Mfungaji anayetumia dawa za kushusha sukari arudishwe kwa daktari kabla ya mwezi kuandama, si baada ya kuzidiwa.

Katika daftari lako, mbele ya kila istilahi na maana yake, acha nafasi ya tatu kwa neno analolitumia mgonjwa, kwa kuwa naye ana istilahi zake, na wakati mwingine neno lake moja linabeba maradhi mawili. Mzee akikuambia anaumwa na mshipa, anaweza kukusudia ngiri, anaweza kukusudia busha, na anaweza kuwa anazungumzia msuli wa mgongo uliokaza baada ya kulima. Mkaribishe pembeni, mbali na foleni, umwambie, "Shikamoo babu, mshipa wenyewe uko wapi, na umeanza lini?" Mkono usiende kwenye rafu kabla hajakujibu.