Dar–Dubai masaa mangapi? Kwa nyie mnaoanza kazi ya kukata tiketi

Wadogo zangu mlioingia ofisi za tiketi juzi juzi, mteja wa Kariakoo anayeenda kufata mzigo atawauliza tu, "Dar mpaka Dubai masaa mangapi?" na wengi wenu mnachukua muda wa kufika mnatoa muda wa kuondoka mnajibu. Hapo ushaingia mkenge.

Muda wa kwenye tiketi ni saa za mji wenyewe, na Dubai wako mbele yetu saa 1. Sa tuseme ndege inatoka Dar 16:40 inatua 23:10, ukitoa kichwakichwa unapata masaa 6 na nusu, kumbe ni 5 na nusu. Kurudi ndo kichekesho, inatoka kule 10:00 inafika 14:30 mteja anakwambia mbona kurudi inakimbia, haikimbii bana, ni ileile.

Mi naanzia kwenye kilomita. Dar–Dubai ni kama 3,980 kwa njia ya moja kwa moja, jeti ikishatulia angani inakula kama 850 kwa saa, gawanya upate masaa 4 na dakika 40 hivi, afu ongeza nusu saa mpaka dakika 50 maana ndege inajikokota kiwanjani, inapanda, inashuka, inatafuta sehemu ya kupaki. Safari fupi ndo zinadanganya kabisa, Zanzibar ni kilomita 70 na kitu, kwa spidi hiyo ni dakika 5, nani kashawahi kufika kwa dakika 5? Ni 20 hivi.

Dar–Mwanza ni kama kilomita 850, ila uliza kwanza ndege gani. Jeti ni saa 1 na nusu hivi, Q400, ile ndege ya mapanga, inakaribia masaa 2. Zile Q400 za Air Tanzania zilivyokuja 2016 watu walizicheka eti pangaboi, mi sizicheki, zinatua hata viwanja vifupi.

Upepo nao usiusahau kwa safari ndefu. Nairobi–New York ya Kenya Airways ilivyoanza Oktoba 2018 kwenda ilikuwa kama masaa 15, kurudi 14, njia ileile, kwenda inapingana na upepo wa magharibi kurudi inasukumwa.

Lakini hayo yote ukikosea mteja atakusamehe. Tarehe hatokusamehe. Mwaka wangu wa kwanza nilimkatia mzee mmoja tiketi ya 00:30 tarehe 15, nikamwambia vizuri kabisa, "tarehe 15 saa sita na nusu usiku mzee wangu." Akaja eapoti tarehe 15 usiku, na mabegi yake na wajukuu wa kumsindikiza, ndege imeshaondoka usiku wa kuamkia siku hiyo. Sikuwa nimemdanganya, ila kwa Mswahili usiku wa tarehe 15 ni ule unaokuja baada ya mchana wa tarehe 15. Faini ya kubadili tiketi nililipa mimi, ikakatwa kwenye mshahara miezi miwili.

Tangu hapo ndege za usiku wa manane naandika kwa peni juu ya tiketi: "usiku wa kuamkia tarehe 15, TAREHE 14 saa tatu na nusu usiku uwe eapoti", afu namwambia anisomee kwa sauti kabla hajatoka mlangoni.