Dafne yenye majani ya njano: usiihamishe kwanza

Ndugu yangu, unasema dafne yako ya miaka mitatu, kile kichaka cha maua yenye harufu nzuri, imeanza kupukutisha majani ya njano, na unataka kuing'oa uipeleke penye jua zaidi. Nakusihi usiing'oe. Kichaka hiki hakipendi kabisa kuguswa mizizi, na kikihamishwa kikiwa kikubwa mara nyingi hufa. Tena jua kali la mchana hakilihitaji. Jua la asubuhi na kivuli baadaye vinakitosha.

Fukua taratibu kwa vidole kando ya shina. Udongo ukiwa umelowa na kunata, shuku maji yaliyotuama. Tafuta kamzizi kembamba ukabinye: kazima ni kagumu na keupe-eupe, kalikooza ni kahudhurungi, laini, na ganda lake linabanduka. Ukikuta kameoza, acha kumwagilia, sogeza matandazo mbali na shina, na uchimbe kijifereji upande wa mteremko maji yapate njia. Mbolea usiweke sasa, mizizi migonjwa haiwezi kuila.

Kama udongo ni mkavukavu, na jani ni njano ila mishipa yake bado kijani, basi huenda kichaka kinakosa madini ya chuma, hasa penye udongo wa chokaa nyingi.

Kata pia vipandikizi viwili vitatu vya matawi ya msimu huu yaliyoanza kukomaa, uvichomeke kwenye mchanga wenye unyevu. Hivyo ni akiba yako, maana dafne huweza kufa ghafla hata kwa mkulima makini.

Vaa glavu, utomvu wake unawasha, na mmea wote ni sumu. Watoto wasiuchezee.